Jinsi ya Kukimbia Kila Asubuhi Ediofe Bila Kupungua Hata Kilo

Kupunguza unene hakuhitaji mwongozo mrefu. Unakula pungufu kidogo ya ulivyozoea, unatembea sana, unasubiri. Kinachohitaji ustadi ni jambo jingine kabisa: kununua raba, kuamka gizani, kuutangazia mtaa mzima kwamba umeanza mazoezi, kukimbia wiki baada ya wiki, halafu ukapanda mzani na kukuta kila gramu iko mahali pake. Watu wanadhani hilo hutokea kwa bahati mbaya. Sivyo. Lina mbinu zake, na hapa Ediofe, pembeni ya mji wa Arua, mbinu hizo zimekomaa. Ninaziandika kwa faida ya wanaoanza.

Anza na saa. Amua kwamba utakimbia saa kumi na mbili kamili asubuhi, kwa sababu ndivyo wanavyofanya wale wa kwenye video. Uganda inatumia saa zilezile za Nairobi na Mombasa, ila jua halikushirikishwa katika uamuzi huo. Arua iko magharibi mno. Saa kumi na mbili huku bado ni usiku, na jua lenyewe linachomoza saa moja au karibu yake. Kwa hiyo mwanzo wa mazoezi yako hutaona mashimo, boda hatakuona wewe, ila mbwa wa mtaa watakuona vizuri sana. Waache wakufukuze. Mbwa hufundisha kasi, na kasi ndiyo tunayoitafuta, maana anayeanza kwa kasi huacha mapema.

Usione haya kukimbia sana siku ya kwanza. Wewe ni mtu wa Arua, na Arua ndiyo iliyomtoa Dorcus Inzikuru wa Vurra, aliyeshinda fainali ya kwanza kabisa ya wanawake ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika mashindano ya dunia ya riadha, Helsinki, Agosti 2005, kwa dakika 9, sekunde 18 na nukta 24. Mwaka uliofuata akabeba dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne. Ni wazi kwamba mbio ziko katika damu ya upande huu, na kwamba damu hiyo ilikuwa inakungoja wewe ufikishe miaka 40 na kitambi ndipo ijitokeze. Viunzi 28 na madimbwi 7 aliyoruka Inzikuru utavipata vyote kwenye barabara ya udongo mwekundu asubuhi baada ya mvua, na madimbwi yatazidi. Ondoka kwa mwendo wake. Ukifika kwenye kilima cha kanisa kuu utakuwa umeshashika kiuno, na kesho yake mifupa ya miundi itakuuma kiasi cha kukupa ruhusa ya kukaa wiki nzima.

Wapo wakaidi wanaotaka kupungua kweli, nao wana njia yao ya aibu. Wanakimbia dakika moja, wanatembea dakika moja na nusu, wanarudia hivyo mpaka dakika 20 ziishe. Siku tatu kwa wiki, na siku za katikati wanapumzika. Kila wiki wanaongeza kidogo sehemu ya kukimbia. Ratiba hiyo ya wiki 9 ilitungwa na Mmarekani Josh Clark mwaka 1996, akimfikiria mama yake. Hebu fikiria mtu mzima anatembea katikati ya mazoezi, na watu wa boda wamekaa pale stendi wanamtazama! Ubaya wa njia hii ni kwamba goti halivimbi, pumzi inapanuka, na kufikia mwezi wa tatu mtu huyo anakimbia kilomita 5 bila kusimama. Inavunja moyo kumwona.

Hata kipimo chao cha kasi hakigharimu kitu. Huku hupiti mbele ya nyumba ya mtu kama umepita porini. Bibi anafagia uwanja wake, anakuona, anakuita: “Mi ngoni?” Unatakiwa umjibu “Ma muke,” kisha umuulize hali yake, wajukuu, na kama mvua ya jana imewaharibia chochote. Ukiweza kuyasema yote hayo huku miguu inakwenda, kasi yako ni ya mwanafunzi mwema. Likitoka neno moja tu pamoja na mate, punguza mwendo au tembea. Walimu wa riadha duniani wanakitumia kipimo hicho hicho, ila wao hawana bibi wa kuwasaidia. Wewe unayetaka kubaki ulivyo, ziba masikio kwa muziki, pita bila kumtazama mtu. Kabla ya adhuhuri shangazi yako atakuwa ameshapata habari kwamba siku hizi una majivuno.

Sasa tuingie jikoni, maana miguu ni ya maonyesho tu. Uzito unaamuliwa huku.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mtu hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila kilomita anayokimbia. Kama una kilo 80 na umekimbia kilomita 3, umetumia kalori 240. Rolex moja ya mayai mawili, ile anayokukunjia kijana kwenye chapati huku mafuta yanalia, haishuki kirahisi chini ya 400. Teremsha na soda ya mililita 300, nayo ina zaidi ya 120. Umetoka jasho nusu saa, umejipongeza dakika nane, na umerudi nyumbani na ziada ya kalori 280 pamoja na sifa ya kuwa mwanamichezo. Hakuna mfanyabiashara wa soko kuu la Arua anayepata faida ya namna hiyo kabla ya saa mbili asubuhi.

Siri ni kujipongeza mara moja, papo hapo, kabla njaa haijafika. Kukimbia polepole kwa dakika 20 hakuhitaji kula kwanza wala kula haraka baadaye. Maji yanatosha, na chakula cha kawaida kikija kwa saa yake kinafaa kabisa. Lakini ukilijua hilo, muuza chapati atakula nini?

Wakaidi wetu nao hawana raha na hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700. Mkimbiaji wetu wa kilo 80 akikimbia zile kilomita 3 mara tatu kwa wiki, na asiongeze hata tonge moja kwenye chakula chake, atahitaji wiki 10 na siku kadhaa kuichoma kilo hiyo. Wiki 10! Kumbe angeacha soda mbili kwa siku angefika hapo baada ya mwezi mmoja, akiwa amelala. Ndiyo maana ninasisitiza kila mara: ukimwona mtu ameanza kukimbia na kwa wakati huo huo ameacha soda, mshauri aendelee na mbio tu, aiache soda yake kwa amani.

Kuna utafiti pia unaoweza kukutia moyo. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo walivyowapima Wahadza wa Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, watu wanaowinda, wanaochimba mizizi na kutembea kutwa. Walitarajia kukuta wanatumia nishati nyingi kupita watu wa mijini kule Marekani na Ulaya wanaokaa vitini. Walipolinganisha kwa kuzingatia ukubwa wa miili, wakakuta jumla ya siku ni ileile karibu. Inaonekana mwili una namna yake ya kubana matumizi mahali pengine pale miguu inapotumia sana. Mhadza hanenepi, lakini sababu kubwa haiko miguuni. Iko kwenye kile anachokipata cha kula, na Ziwa Eyasi halina rolex.

Unaweza kuusaidia mwili wako kubana zaidi. Ukishakimbia asubuhi, usitembee tena siku hiyo. Panda boda mpaka dukani, panda boda kutoka dukani, mtume mtoto akuletee simu iliyo chumba cha pili. Waliokuzunguka wanatembea: mama anapeleka muhogo sokoni kichwani, msichana ana dumu la maji, mahujaji wanaondoka na mabegi kwenda Namugongo kwa miguu, karibu kilomita 500, ili wafike tarehe 3 Juni. Wao hawakujiandikisha kama wanamichezo, kwa hiyo waache. Wewe umeshamaliza kazi yako saa moja asubuhi na una picha za kuthibitisha.

Chakula cha nyumbani, kwa bahati mbaya, ni kizuri. Hili ni tatizo la kweli kwa mtu wa Ediofe. Osubi, yale majani ya kunde, yanajaza tumbo kwa kalori chache. Maharage yana protini, na yanakaa tumboni mpaka jioni. Samaki wa Nile wanafika sokoni wakavu na wabichi. Mtu akiweka mboga nusu ya sahani, maharage au samaki robo, na kwenye robo iliyobaki akaweka enyasa, ugali wetu wa muhogo, kiasi cha ngumi yake, atashiba, na wiki ikiisha anaweza kuwa amepungua hadi nusu kilo bila kununua kitu chochote kutoka kwenye duka la dawa. Lazima ajihami.

Kinga ya kwanza ni simsim. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9 na gramu moja ya wanga ina 4, na simsim iliyosagwa ni mafuta zaidi ya nusu. Kijiko kimoja kikubwa kina karibu 90. Kijiko hicho kwenye chungu cha familia ni utamu wa haki yenu. Vijiko vinne kwenye bakuli lako peke yako vimezifuta mbio za asubuhi na kuanza kuzidai za kesho. Akikuuliza mtu, mwambie simsim ni kitu cha asili. Fanya hivyo hivyo na karanga ya kusaga, na asali ya huku kwetu West Nile ambayo sifa yake imefika hadi Kampala. Kitu cha asili hakinenepeshi. Kiboko wa Mto Nile anakula majani tu, ya asili kabisa, na uzito wake unapita tani.

Kinga ya pili ni sinia. Mkila sinia moja watu sita, hakuna aliyekula sana. Enyasa inamegwa, inachovywa, maongezi yanakwenda, na mwisho wa yote kila mmoja anaapa kwamba alionja tu. Sinia ni jambo zuri la utu na sitaki kulisema vibaya. Ninachosema ni kwamba mwenye kutaka kupungua kwenye sinia hujaza mboga kwanza, hula polepole, na huwa wa kwanza kunawa. Wewe uwe wa mwisho, kwa heshima ya wapishi.

Ikiwa hutaki chakula kikushinde kwa njia hizo za kawaida, ipo njia ya kishujaa: usile kabisa. Kimbia asubuhi, kunywa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari ukiiita “chai tu,” ruka chakula cha mchana mbele ya wenzako ukitabasamu kama mtakatifu. Saa kumi jioni kichwa kitauma. Saa moja usiku utaanza kufungua masufuria. Saa tatu utakuwa umemaliza sahani mbili na mabaki ya watoto, na utalala ukijilaumu, na kesho utapanga kukimbia mara mbili ili ulipe deni. Hapo mzunguko umekamilika, na unajiendesha wenyewe bila msaada wangu.

Dini nazo zimetupa nafasi mbili kwa mwaka. Ediofe ndiyo yenye Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, makao ya jimbo Katoliki la Arua tangu 1958, na Kwaresima huku inashikwa. Mkristo mwerevu huacha nyama siku 40, akafidia kwa mandazi. Koboko, mwendo mfupi kuelekea kaskazini, Waislamu ni wengi, na Ramadhani ina uwezo wa kumpunguza mtu kama asingekutana na sambusa magharibi, uji wenye sukari, tende, kisha daku ya kujihami na kesho. Kukimbia mwezi huo si vibaya: wengi hupenda muda mfupi kabla ya kufuturu, ili maji yawe karibu. Ila ukimbie kweli. Kwenda mbio kwa muuza sambusa hakuhesabiwi.

Sasa hebu tuseme umekosea masharti na kilo tatu zimeondoka. Usihofu, jamii itakurudisha. Uganda ina kumbukumbu yake juu ya mtu anayekonda. Miaka ya 1980 ukimwi ulipoanza kuua kule Rakai, watu waliuita slim, na wale walioishi miaka ile hawajasahau mashavu yaliyobonyea. Kwa hiyo unapita na suruali mpya, kiuno kimepungua, unasubiri sifa, na unachopata ni mkono begani na sauti ya chini: “Ndugu yangu, umepima?” Shangazi hasubiri jibu. Atakuja jioni na chungu, atakaa kwenye kiti kilichoelekea mlango, na hataondoka mpaka aone chini ya sahani. Kwa mume au mke wako maswali yatakuwa mengine: nyumbani mnalala njaa? Kitambi kilikuwa hati yako ya benki mbele ya watu, na sasa umeichana hadharani.

Wakaidi wana dawa ya hapo pia. Hawagombani na shangazi. Wanamwambia, “Shangazi, daktari ameniambia nipunguze, presha,” na shangazi, ambaye yeye mwenyewe ana presha, anakaa kimya, kisha anaanza kuwatetea kwa majirani. Wanakula chakula chake, kidogo, na wanakisifu sana. Kilichobaki wanakifungasha cha kesho. Sijui kwa nini watu wanafundishwa kukataa chakula wakati kufungasha kupo.

Kwa kuwa nimetaja presha, nitaacha mzaha kidogo. Mwenye presha, sukari, maumivu ya kifua, mimba, au aliyekaa miaka bila kufanya mazoezi aende kwanza akapimwe, kwenye kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Arua. Na mtu asilazimishe kupungua zaidi ya nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Basi, tuendelee.

Mzani. Tumia mingi. Asubuhi jipime kwenye duka la dawa ukiwa na raba na simu mfukoni, jioni kwenye ule wa kupimia magunia ya muhogo mkavu, na kila namba uiamini kwa kadiri inavyokupendeza. Jipime kabla ya mbio na baada ya mbio siku ya Januari, vumbi na jua kali, ukute umepungua karibu kilo nzima. Ni jasho, na litarudi ukinywa maji. Ndiyo maana wataalamu wetu wanashauri lirudishwe kwa bia au pombe ya kwete. Wakaidi hutumia mzani mmoja, mara moja kwa wiki, asubuhi ileile kabla ya chai, na namba ya wiki moja hawaitilii maanani. Wanatazama ya mwezi. Kamba ya kiunoni pia wanaiamini, maana mkimbiaji anayeanza anaweza kuongeza misuli kidogo na maji miguuni huku kiuno kinapungua. Watu hawa hawana msisimko wowote.

Ikishindikana yote, mzani umekataa kupanda na umekataa kushuka, na mbio zako bado ni dakika 40 kwa kilomita 5, rekebisha saa. Hii ni faida ambayo mtu wa Kampala hawezi kuipata hata akilipia uwanja wa mazoezi. Nenda mpaka wa Vurra. Ng'ambo ni Kongo, na upande huo wa Kongo uko nyuma yetu kwa saa moja. Sudan Kusini nayo ilirudisha saa zake nyuma tarehe 1 Februari 2021, kwa hiyo watu wa Koboko wanaweza kuchagua mpaka. Toka Vurra saa mbili kamili, kimbia kilomita zako 5 kwenye barabara ya kwenda Aru, na ukisimama uulize saa. Utaambiwa saa moja na dakika 40. Umefika dakika 20 kabla ya kuondoka, jambo ambalo Inzikuru hakulifanya hata Helsinki. Ulikunywa chai Arua saa moja na nusu. Kule saa moja na nusu imepita sasa hivi tu, mama wa mandazi ndiyo kwanza anatoa karai la kwanza motoni, anakuita, “Papa, karibu chai,” na kukataa ni ukosefu wa adabu kati ya nchi jirani. Beba kitambulisho na hela ya kurudi na boda.